Jinsi ya kumpeleka rafiki kula rameni mtaani Tokyo

Rafiki akikutembelea Tokyo akataka rameni, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu ya moto, usimpeleke kupanga foleni ndefu kwenye mgahawa ambao kila mtalii ameshaupiga picha. Mpeleke ule wa mtaani kwako, wenye kaunta ya viti nane au kumi, mpishi na msaidizi wake, na harufu ya supu inayowapokea tangu mkiwa kona ya barabara. Huko ndiko wenyeji wanakokula: mwanafunzi, dereva wa teksi, mama aliyetoka kazini, mzee anayekaa nyumba ya pili. Bakuli moja ni kati ya yeni 800 na 1,200 hivi, linaandaliwa mbele ya macho yenu, na mtu akishazijua taratibu za mahali anakula kwa amani.

Taratibu zenyewe ndizo zinazomtia mgeni hofu, kwa kuwa zimebandikwa ukutani kwa Kijapani au hazijaandikwa kabisa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya Waswahili walioko Japani au wanaoelekea huko: wanafunzi wa ufadhili, wafanyakazi, wafanyabiashara wanaofuata magari ya mnada ya kupeleka Mombasa na Dar es Salaam. Nasisitiza jambo moja tangu mwanzo: kazi ya mwenyeji inafanyika kabla ya kufika mlangoni. Mkishakaa kitini muda ni mfupi, watu wanasubiri nje, na tambi hazingoji.

1. Muulize rafiki anachokula na asichokula

Hili nitalieleza kwa kirefu kuliko mengine, maana wengi wetu ni Waislamu au Wasabato, na kwenye rameni nguruwe anaingia kupitia milango mingi. Mlango wa kwanza unaonekana kwa macho: vile vipande vya nyama vilivyopangwa juu ya tambi, viitwavyo chashu, karibu kila mara ni nguruwe. Milango mingine haionekani. Supu ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi mpaka uboho na mafuta vikayeyuka na supu ikawa nyeupe, nzito. Hata supu nyepesi inayopitisha mwanga mara nyingi imetokana na mifupa ya kuku na ya nguruwe iliyochemshwa sufuria moja. Juu yake hutiwa mafuta, na mafuta hayo yanaweza kuwa ya nguruwe. Sosi ya chumvi inayowekwa chini ya bakuli inaweza kuwa na mirin au sake, na vyote viwili ni vileo. Tambi mbichi za kiwandani nazo wakati mwingine hutiwa spiriti kidogo ili zisiharibike.

Kwa hiyo kumwomba mpishi aondoe nyama hakumsaidii mtu anayejizuia kwa ajili ya dini. Wala usitegemee swali la haraka pale kaunta. Ukiuliza kama kuna nguruwe, msaidizi anaweza kufikiria vile vipande vya juu tu akakujibu hakuna, kwa nia njema kabisa, huku supu yenyewe imetoka kwenye mifupa yake. Uliza supu, uliza mafuta, uliza sosi, kila kimoja kivyake, na uulize siku moja kabla, saa ambayo mgahawa hauna watu.

Kwa rafiki Mwislamu ushauri wangu ni mmoja tu: nendeni kwenye rameni halali. Ipo. Asakusa kuna Naritaya, na migahawa mingine ya namna hiyo iko sehemu nyingine za Tokyo, Kyoto na Osaka. Huko supu ni ya kuku au ng'ombe, sosi haina kileo, na baadhi yao wametenga nafasi ya kuswalia. Hata kama mgahawa wa namna hiyo hauko mtaani kwako, nauli ya treni ni kidogo kuliko rafiki kula huku moyo wake una wasiwasi. Taratibu nyingine zote nitakazozitaja hapa chini hazibadiliki sana.

Asiyekula nyama kabisa mpeleke T's TanTan ndani ya stesheni ya Tokyo, ambako hawatumii kitu chochote cha mnyama na supu yao ya ufuta inashibisha. Kwa yule asiyependa nguruwe kwa ladha tu, bila sharti la dini, tafuta mgahawa wa tori paitan, yaani supu nzito nyeupe ya kuku, kisha sema "chashu nuki de onegai shimasu" ili wasimwekee vipande vya nyama.

Jifunzeni alama tatu za maandishi kabla ya kutoka: 豚 ni nguruwe, 鶏 ni kuku, 酒 ni pombe. Zitawasaidia kwenye rameni na dukani pia. Na kama rafiki ana mzio, kumbuka kwamba tambi hizi ni za ngano, mara nyingine zina mayai, na supu nyingi zina samaki au kamba hata kama huwaoni.

2. Chagueni supu mkiwa bado nyumbani

Bakuli la rameni lina vitu vitano: supu, sosi ya chumvi inayoitwa tare, mafuta yenye harufu, tambi, na vile vinavyopangwa juu. Tare ndiyo inayolipa bakuli jina lake mara nyingi. Ya shio ni ya chumvi, ya shoyu ni ya sosi ya soya, ya miso ni ya soya iliyochachushwa. Tonkotsu ni jina la supu yenyewe, ndiyo maana linawachanganya watu.

Tambi nazo si tambi tulizozizoea za kukaanga kwa sukari na iliki. Hukandwa kwa maji yaitwayo kansui, yenye sodiamu kaboneti na potasiamu kaboneti, jamii moja na magadi tunayotia kwenye mlenda na maharage. Hayo ndiyo yanayozifanya ziwe na rangi ya manjano, zivutike na zisikatike ovyo ndani ya supu ya moto.

Rafiki anayekula rameni kwa mara ya kwanza, mwanzishie shoyu. Ndiyo ladha ya Tokyo. Mwaka 1910 Ozaki Kan'ichi alifungua Rairaiken huko Asakusa akaajiri wapishi Wachina kutoka Yokohama, na chakula cha wageni kikaanza kuwa chakula cha mji. Mtaa wa Ogikubo mpaka leo unajulikana kwa shoyu ya kizamani, na Harukiya ya hapo ipo tangu 1949. Supu yake ni ya kahawia, inapitisha mwanga, ina kuku na samaki wakavu, na juu kuna vichipukizi vya mianzi, majani ya kitunguu na karatasi ya mwani. Mgeni anaweza kuimaliza bila kushangazwa na chochote.

Tonkotsu ilitoka mji wa Kurume, katika kisiwa cha Kyushu, ikasambaa kupitia Hakata, sehemu ya mji wa Fukuoka. Ni tamu mno kwa aliyeizoea, lakini harufu yake ni kali na inaweza kumkatisha tamaa mtu siku ya kwanza. Iweke akiba. Miso ilizaliwa Sapporo, kaskazini kwenye theluji, miaka ya 1950, na inafaa sana jioni za Januari. Hiyo mara nyingi mboga zake hukaangwa kwanza kwa moto mkali, na juu hufunikwa na tabaka la mafuta linaloifanya ibaki moto mpaka mwisho. Iekei ilianza Yokohama mwaka 1974 kwenye Yoshimuraya: tonkotsu na shoyu pamoja, tambi nene, mchicha wa Kijapani, na karatasi kubwa za mwani ambazo watu huzichovya kwenye supu na kuzilia wali.

Kuna moja ninayoipendekeza kwa moyo wote kwa watu wa Mwanza, Kigoma na pwani: niboshi. Ni supu ya samaki wadogo waliochemshwa kisha kukaushwa. Aliyekulia kwenye dagaa ataitambua harufu hiyo kabla bakuli halijafika, na uchungu kidogo wa vichwa vya samaki ambao Wazungu wengi huukimbia, yeye ataufurahia.

Epukeni kwanza migahawa ya Jiro na iliyofuata mtindo wake. Bakuli dogo la Jiro lina karibu gramu 300 za tambi, maradufu ya bakuli la kawaida, na juu kuna mlima wa kabichi na machipukizi ya maharage. Mpishi anauliza kama uwekewe kitunguu saumu, na unatakiwa kujibu kwa lugha ya pale pale: mboga kiasi gani, mafuta kiasi gani, chumvi kiasi gani. Nendeni siku ambayo wote wawili mmeshakuwa wazoefu na mna njaa ya kweli.

3. Chagueni saa

Saa sita mchana hadi saa saba ni saa ya wafanyakazi wa ofisini, na foleni inakimbizana. Fikeni saa tano na robo, mgahawa unapofunguliwa, au saa saba na nusu. Migahawa mingi hufungwa mchana, takriban kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja au kumi na mbili, ili supu ya jioni iandaliwe. Tena supu ikiisha, kazi imeisha: mpishi anashusha pazia hata kama saa ya kufunga bado. Kwa sababu hiyo usiku wa manane ni bahati nasibu, isipokuwa mnajua mgahawa wenu.

Nendeni wawili. Watatu bado mnaweza kukaa, ila mtasubiri muda mrefu viti vitatu vipatikane, na wanne ni kundi kubwa kwa kaunta ya viti nane.

4. Mlangoni na kwenye foleni

Pazia fupi la kitambaa likining'inia juu ya mlango, pamefunguliwa. Kibao chenye 営業中 kina maana hiyo hiyo. Chenye 準備中 kinasema bado wanaandaa, basi msigonge.

Kukiwa na foleni, angalia kwanza wengine wanafanyaje. Kuna mahali unanunua tiketi ya chakula ndani kisha unatoka kupanga foleni, na kuna mahali unapanga kwanza mpaka uitwe. Ukishindwa kuelewa, muulize mtu wa mwisho kwenye foleni kwa kidole na tabasamu, atakuonyesha. Jambo la kuepuka ni mmoja kushika nafasi huku mwenzake yuko dukani. Wote wawili muwepo. Wala msizibe mlango wa jirani, kwa sababu malalamiko ya majirani yamewahi kuifungisha migahawa mitaani, na wenye migahawa wanalichukulia kwa uzito. Ongeeni, lakini kwa sauti ya chini.

5. Mashine ya tiketi

Mashine iko karibu na mlango, na hapa ndipo wageni wengi hukwama huku watu wamesimama nyuma yao. Utaratibu ni huu. Weka pesa kwanza. Vitufe vya vyakula unavyoweza kumudu vitawaka taa. Bonyeza unachotaka, tiketi inadondoka chini. Unataka na yai? Bonyeza tena, tiketi ya pili inadondoka. Ukimaliza, shusha kile kishikio au bonyeza kitufe cha kurudisha chenji, kilichoandikwa おつり. Mashine nyingine hurudisha yenyewe, lakini hakikisha kabla hujaondoka.

Kama hamwezi kusoma kitu, bonyezeni kitufe cha juu kabisa kushoto. Kwa desturi hapo ndipo mwenye mgahawa anapoweka chakula anachojivunia, na mimi mgahawa nisioujua naanzia hapo hapo. Kitufe chenye 売切 kimeisha. Chenye 大盛 ni bakuli kubwa, nyongeza ya tambi karibu nusu, na kwa mgeni wa mara ya kwanza hakihitajiki. Nyongeza moja ninayoiona ina thamani yake ni yai, ajitama, lililochemshwa likabaki na kiini laini kisha likalazwa kwenye sosi.

Tembeeni na noti za yeni 1,000 na sarafu. Mashine nyingi za zamani hazipokei noti ya 5,000 wala ya 10,000. Noti mpya zilipotoka tarehe 3 Julai 2024, ile ya 1,000 ikiwa na picha ya Kitasato Shibasaburo, migahawa midogo mingi haikuwa imebadilisha mashine kwa sababu ya gharama, na bado unaweza kukuta bango linalosema noti mpya hazipokelewi. Mwonyeshe msaidizi noti yako na useme "ryogae", atakubadilishia kama anazo. Upande mwingine, siku hizi kuna mashine za skrini zenye Kiingereza na zinazopokea kadi tu, kwa hiyo kadi nayo iwe mfukoni.

Sasa suala la nani analipa. Kwetu mwenyeji hulipa, na mgeni akitoa pochi ni kama amemkosea. Wajapani marafiki kwa kawaida kila mtu huweka pesa yake kwenye mashine, na hakuna anayeona vibaya. Ukitaka kumkirimu rafiki, malizeni habari hiyo mkiwa njiani, kisha mmoja asimame mbele ya mashine na anunue tiketi zote. Kuvutana mikono mbele ya mashine huku foleni inasubiri kunawaudhi watu kuliko mnavyoweza kuona usoni mwao.

Migahawa ya kizamani ya familia haina mashine. Mnakaa, mnaagiza kwa mdomo, mnalipa mlangoni mkitoka.

6. Kukaa

Msaidizi atauliza mko wangapi. Jibu "futari desu", yaani wawili, na nyoosha vidole viwili. Kijapani kinamkalia vizuri Mswahili mdomoni, irabu zake ni tano kama zetu, kwa hiyo usione haya kuongea.

Kaeni mnapoonyeshwa. Ikiwa viti viwili vilivyo wazi haviko pamoja, mara nyingi mteja wa katikati atasogea bila kuombwa. Mshukuruni kwa kuinamisha kichwa. Asiposogea, kaeni mbalimbali bila kinyongo. Mtakutana nje baada ya dakika 20.

Wekeni tiketi juu ya kaunta. Hapo mnaweza kuulizwa swali moja au mawili. Kwenye migahawa ya rameni ya Hakata wanauliza ugumu wa tambi: "futsu" ni kawaida, "kata" ni ngumu kidogo, "barikata" ni ngumu zaidi. Kwenye iekei wanauliza ugumu wa tambi, ukali wa ladha na wingi wa mafuta. Mara ya kwanza jibuni "futsu" kwa kila kitu. Ndivyo mpishi alivyoipima supu yake.

Maji ya baridi ni ya bure na kwa kawaida unajimiminia mwenyewe kutoka kwenye jagi au mtungi wa kona. Mmiminie mwenzako kwanza. Mabegi yanaingia kwenye kikapu chini ya kiti au yananing'inizwa kwenye ndoano ya ukutani. Mwenye nywele ndefu azifunge, mwenye hijabu azibane ncha zake ndani, maana supu hurukaruka. Kuna migahawa inayotoa aproni za karatasi; iombeni, "kami epuron", hakuna aibu yoyote.

7. Bakuli likifika

Hapa ndipo pagumu kwa mtu wa malezi yetu, na ndipo ninapomwomba mwenyeji amweleze rafiki mapema na kwa upole.

Kwetu chakula kinasubiri watu. Tunanawa, tunakaribishana, tunazunguka sinia moja, na anayeanza kabla ya mwenzake amekosa adabu. Kwenye kaunta ya rameni mabakuli hayafiki pamoja. Mpishi anachemsha tambi kwa makundi madogo, na la kwako linaweza kutangulia kwa dakika mbili au tatu. Anza kula. Tambi hunyonya supu kila sekunde, huvimba na kulegea, na kazi yote ya mpishi kuzitoa majini kwa wakati inapotea zikikaa. Mjapani anayepata bakuli lake kwanza humwambia mwenzake "osaki ni", natangulia, kisha anainamia. Ukimsubiri rafiki kwa heshima utakula chakula kilichokufa, na mpishi aliyesimama mbele yako anakuona. Kwa hiyo mkubaliane mkiwa njiani: la nani likitangulia, aanze, na mwenzake asijisikie ameachwa. Mkiongozana na mtu mzima unayemheshimu, mama mdogo au mwalimu wako, mwache yeye aweke tiketi yake kwanza; kwa kawaida bakuli lake litatangulia, na heshima itakuwa imekaa mahali pake.

Sema "itadakimasu" kabla ya kuanza. Mwenye bismillahi yake aitamke pia.

Onja supu kwanza kwa kile kijiko cha bapa, renge, kabla ya kutia kitu chochote. Pilipili manga, siki, mafuta ya pilipili, ufuta na tangawizi nyekundu viko mezani kwa ajili ya nusu ya pili ya bakuli. Wapenda pilipili kama sisi tuna haraka ya kuinyunyiza, lakini mpishi huyu ameamka alfajiri kwa ajili ya supu hiyo, na vijiko viwili vya mwanzo viwe vya kazi yake.

Kisha tambi. Inua chache kwa vijiti, si fungu zima, zipeleke mdomoni na uzivute kwa pumzi mpaka mwisho. Sauti inatoka, na itoke. Tumelelewa kwamba kula kwa kelele ni kukosa adabu. Hapa ile pumzi inapoza tambi na kupandisha harufu ya supu puani, na kila aliyekaa kando yenu anafanya hivyo. Rafiki asiyeweza kuvuta asilazimishwe. Aweke tambi kidogo kwenye renge pamoja na supu, ale taratibu. Asiyejua vijiti aombe uma, "foku", kama upo.

Vijiti vina miiko miwili ya kukumbuka. Usivisimamishe wima kwenye wali, na usimpe mwenzako chakula kutoka vijiti vyako hadi vijiti vyake. Yote mawili ni mambo ya msibani: wali wa namna hiyo huwekewa marehemu, na mifupa baada ya kuchomwa maiti huokotwa kwa vijiti na jamaa.

Picha moja ya haraka ya bakuli lako inaruhusiwa mahali pengi. Usimpige picha mpishi wala wateja bila ruhusa, na video acha kabisa. Simu baada ya hapo iende mfukoni.

Mazungumzo? Maneno mawili matatu, supu ni nzuri, onja yai, basi. Habari za nyumbani, za harusi ya fulani na za bei ya magari zina mahali pake baadaye.

8. Kugawana na kuongeza

Bakuli moja kwa watu wawili halikubaliki. Kila anayekaa ananunua lake. Mnachoweza kugawana ni gyoza, sahani ya vipande vitano au sita, na kwenye migahawa ya familia hata wali wa kukaanga. Ndani ya gyoza huwa kuna nguruwe, kwa hiyo rudini kwenye hatua ya kwanza. Chovyeni kwenye sosi ya soya, siki na mafuta ya pilipili.

Kwenye rameni ya Hakata tambi ni nyembamba na chache makusudi, kwa sababu ukikaribia kuzimaliza unaagiza fungu jingine, kaedama, kwa yeni 100 au 200. Bakizeni supu ya kutosha, na agizeni tambi zikiwa zimebaki kidogo. Zile nyembamba huiva chini ya dakika moja. Supu ikiwa imepoa ukali, ongezeni sosi kidogo iliyopo mezani.

Kama mmechagua tsukemen, ile ambayo tambi huja kando na kuchovywa kwenye supu nzito, mwishoni ombeni "supu wari". Mpishi atatia mchuzi mwepesi wa moto kwenye supu iliyobaki, na mtainywa kama chai. Mtindo wa tsukemen tunadaiwa na mpishi Yamagishi Kazuo wa mgahawa wa Taishoken, aliyeuweka kwenye orodha ya mauzo mwaka 1955, baada ya miaka ya wapishi kula hivyo wenyewe jikoni.

Supu si lazima kuimaliza. Bakuli zima pamoja na supu yake mara nyingi lina gramu 5 za chumvi au zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Rafiki mwenye presha ale tambi na vya juu, aonje supu vijiko vichache, na aache iliyobaki. Hakuna mpishi atakayeona amedharauliwa.

9. Kuondoka

Mkimaliza, nyanyukeni. Mwenye kula haraka akiona mwenzake bado na nje kuna watu, ashuke kitini akamsubiri barabarani. Kiti chake kitakaliwa na rafiki hatajiona anaharakishwa, mradi mmeambizana. Inueni mabakuli na vikombe muweke juu ya ule ukingo wa juu wa kaunta, futeni mbele yenu kwa kitambaa kilichopo, rudisheni viti. Angalia mezani wateja wengine wanafanya nini, maana kuna migahawa isiyo na ukingo huo na bakuli linabaki pale pale.

Semeni "gochisosama deshita", yaani asante kwa chakula, mkimtazama mpishi. Yeye ataitikia kwa sauti kubwa hata akiwa katikati ya kuchuja tambi. Msiache bahshishi. Atadhani mmesahau pesa na kumtuma msaidizi awakimbilie.

Sasa ndipo mtakapoongea. Tafuteni mkahawa wa kahawa jirani, wa aina ya kissaten, au benchi la bustani kama hali ya hewa inaruhusu, na nunueni aiskrimu au chai ya baridi kwenye duka la saa 24, kwa kuwa chumvi italeta kiu. Muulize rafiki kilichompendeza na kilichomshinda: supu ilikuwa nzito, tambi zilikuwa ngumu, harufu ilikuwaje. Majibu yake ndiyo yatakayowachagulia mgahawa wa pili. Aliyependa wepesi wa shoyu aende shio. Aliyetaka uzito zaidi aende tori paitan au miso. Aliyemaliza supu yote akatafuta nyingine, ndiye wa niboshi. Na safari hiyo mwache yeye atangulie mbele ya mashine, wewe usimame nyuma yake umsomee vitufe akikuuliza.